Samaki Malaika: Mutoto Asiyefanana na Wazazi Wake



Siku moja darasani seminarista mumoja alituletea kitabu cha Kifaransa chenye picha za nyama wa bahari. Akatuonyesha picha mbili. Ya kwanza ilikuwa samaki ndogo, rangi ya buluu yenye kukaribia weusi, na mistari myeupe iliyopindika kama mwezi muchanga. Ya pili ilikuwa samaki kubwa, katikati ya mwili rangi ya manjano yenye kuchanganyika na kijani, na matone madogo ya buluu kila pahali. Chini ya picha zote mbili liliandikwa jina moja tu: « poisson-ange », ndiyo kusema samaki malaika. Akatuuliza: « Padri, mwenye kuandika alikosa? Hizi si samaki mbili mbalimbali? Na tena, kwa sababu gani samaki inaitwa malaika? »

Siku ile hatukuweza kumujibu vema. Tulimwambia angoje. Lakini ulizo la mwanafunzi ni kama deni: mwalimu asipolilipa, linamusumbua usiku. Basi tulisoma, tukauliza watu wa pwani, na siku tulipopata njia ya kufika Nairobi na Mombasa tulitazama kwa macho yetu. Leo tunalipa deni lile mbele yenu wote.

Labda mutu atasema: « Sisi watu wa Vulamba, tangu Butembo mupaka Beni, tuko watu wa milima. Samaki ya bahari ina maana gani kwetu? » Tunajibu: bahari haiko mbali sana na sisi kama tunavyozani. Vitambaa, misumari na mabati vyenye kuuzwa katika maduka ya Butembo vinashuka kwa meli huko Mombasa, kisha vinapita Kampala na Kasindi mupaka kwetu. Na makayabu tunayokula siku ya karamu, je, ilitoka katika muto gani? Ni ya bahari. Basi tusizarau habari za bahari. Na zaidi, samaki hii ina fundisho linalowafaa hata wasioiona kamwe.

1. JINA LAKE

Kwanza tuondoe fujo ya majina. Wazungu wanaita « malaika » samaki za namna tatu zisizo jamaa moja.

Ya kwanza inakaa katika maji matamu ya mito ya Amerika ya Kusini. Ni bapa kama sahani, na mapezi yake ni marefu. Watu wengi wanaifuga katika nyumba. Samaki hiyo ni jamaa ya tilapia yetu, ijapokuwa sura zao hazifanani. Ya pili ni ya jamii ya papa; inalala chini juu ya muchanga wa bahari, na mapezi yake mapana yamefunguka kama mabawa. Ya tatu ndiyo ile ya kitabu cha seminarista wetu. Inakaa katika bahari zenye joto, penye miamba ya matumbawe. Hiyo tu ndiyo tutakayoisema hapa.

Wenye elimu ya viumbe wanaita jamii yake Pomacanthidae, na ndani yake wanahesabu karibu namna 90. Ninyi munaojifunza Kigiriki mutafahamu upesi: « poma » maana yake kifuniko, « akantha » maana yake mwiba. Kweli, chini ya kifuniko cha shavu, kila samaki ya jamii hii ina mwiba wenye nguvu wenye kuelekea nyuma. Mwiba huo ndio alama ya kuitenga na samaki nyingine inayofanana nayo sana, yenye kuitwa samaki kipepeo. Kipepeo haina mwiba ule shavuni. Wavuvi wanaujua mwiba huo pasipo Kigiriki, kwani unakwama katika nyavu na kuchoma mikono.

Watu wa pwani hawasemi malaika. Wanasema « kitatange », na jina hilo linatumika kwa kipepeo pia. Basi jina la malaika lilitoka Ulaya, sababu watu waliona mwili mupana na mapezi marefu kama mabawa, wakakumbuka picha za malaika walizoziona kanisani. Ndugu wakatekista, mutu akiwauliza kama samaki hiyo ina neno na malaika wa Mungu, mujibu pasipo woga: hapana. Malaika ni roho, hana mwili wala mapezi. Ni jina la kusifu uzuri tu, sawasawa na mama anayemwita mutoto wake « malaika wangu ».

Kati ya zile namna 90 tumechagua moja yenye kukaa katika bahari ya Kenya, ya Tanzania na ya Unguja. Jina lake la Kilatini ni Pomacanthus semicirculatus. Mufaransa Georges Cuvier aliipa jina hilo la pili mwaka wa 1831. « Semicirculatus » maana yake: yenye nusu za viringo. Lakini angalieni: viringo vile anavyo mutoto, mukubwa hanavyo. Samaki nzima, maisha yake yote, inaitwa kwa nguo ya utoto wake.

2. MAKAO NA MAISHA YAKE

Samaki hii inaonekana toka pwani ya Afrika ya Mashariki mupaka visiwa vya Samoa katika bahari ya Pasifiki. Upande wa kaskazini inafika Japani ya kusini. Iliyokomaa inaweza kupata urefu wa sentimetre 40, karibu kama mukono wa mutu toka kiko hata vidole.

Nyumba yake ni matumbawe. Hapa sharti tueleze, kwani huku milimani hatuna kitu kama hicho. Matumbawe yanaonekana kama mawe, lakini yamejengwa na vinyama vidogo sana vyenye mwili laini. Kila kinyama kinajijengea kikombe cha chokaa na kukaa ndani yake. Wazee wakifa, watoto wanajenga juu ya vikombe vyao. Namna hiyo, kwa miaka maelfu, mwamba unapanda ndani ya maji, wenye mashimo, vyumba na njia ndogo. Samaki wa rangi zote wanakaa humo kama watu katika muji. Mutu akivunja mwamba ule, havunji jiwe. Anavunja muji wenye wakaaji.

Chakula chake kikubwa ni sifongo. Sifongo ni nyama, ijapokuwa haitembei na inaonekana kama mumea; imejishika juu ya mwamba na kuchuja maji. Nyingi zina sindano ndogo sana ndani ya mwili, ngumu kama kioo, na nyingine zina ladha mbaya au sumu. Kwa hiyo samaki wachache tu wanaweza kuzila. Samaki malaika inaweza. Mudomo wake ni mudogo, na meno yake ni membamba na mengi kama nywele za burosi. Inakula pia mwani na vinyama vingine vyenye kushikamana na mwamba. Kwa kula hivyo inafanya kazi ya mutunza bustani: inapunguza sifongo, zisifunike matumbawe.

Tusemeje juu ya uzazi wake? Jua linapoanza kutua, dume na jike wanapanda pamoja kidogo kutoka mwamba, wanatoa mbegu na mayai katika maji, kisha wanashuka tena. Basi, kazi ya wazazi imekwisha. Mayai yanaelea, yanapasuka kwa muda wa siku moja tu, na vitoto visivyoonekana vema kwa macho vinachukuliwa na maji majuma kadhaa pasipo baba wala mama. Vingi vinaliwa. Vichache vinafika penye mwamba na kuanza maisha huko. Linganisheni na tilapia ya ziwa Edward: jike anachukua mayai kinywani mwake, tena akiona hatari anawakusanya hata watoto waliokwisha kuzaliwa. Muumba alitoa ulinzi wa namna nyingi: kwa mumoja kinywa cha mama, kwa mwingine wingi wa mayai.

3. NGUO MBILI ZA MWILI MUMOJA

Sasa tufike penye ulizo la kwanza la seminarista.

Samaki malaika ndogo inakaa peke yake katika maji mafupi, karibu na shimo la kukimbilia. Rangi yake ni buluu nyeusi. Katika siku zake za kwanza mistari yake myeupe ni karibu ya kunyooka; inapokua mistari inaongezeka na kupindika, mupaka inakuwa nusu za viringo zenye kufunguka upande wa mukia. Inapopata urefu kati ya sentimetre 8 na 16, mambo yanaanza kugeuka. Mistari myeupe inafifia. Katikati ya mwili panatoka manjano ya kijani. Matone ya buluu yanaonekana. Mapezi ya juu na ya chini yanarefuka kama nyuzi, na kingo zake zinapata buluu yenye kungaa. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja. Katikati yake samaki haina sura ya utoto wala sura ya ukubwa: ina alama za pande zote mbili, tena si nzuri kama mutoto, wala kama mukubwa.

Je, kitabu cha seminarista kilikosa? Hapana. Picha zote mbili zilikuwa za samaki moja. Lakini asione haya, kwani wenye elimu kubwa walikosa mbele yake. Ndugu ya samaki hii, yenye kuitwa Pomacanthus imperator, ndiyo « ya mufalme », inageuka namna moja. Mutoto wake ana viringo vizima, si nusu. Mwaka wa 1787 Mudachi Marcus Bloch alimupa mukubwa jina. Mwaka wa 1801 mutoto alipewa jina lingine katika kitabu, kama kwamba ni samaki ya namna nyingine. Wakamwita nicobariensis, kufuata visiwa vya Nicobar. Miaka mingi ilipita baba na mutoto wakiwa na majina mawili katika vitabu vya elimu. Wale mabwana hawakuwa wajinga. Walikosa kitu kimoja: walitazama samaki iliyokufa mezani, hawakuifuata hai tangu utoto hata ukubwa.

Kwa sababu gani samaki inavaa nguo mbili? Mudachi mwingine, Hans Fricke, alichungua ile ya mufalme baharini, na mwaka wa 1980 aliandika habari zake. Maelezo ni haya. Samaki iliyokomaa ina shamba lake juu ya mwamba, sababu chakula chake hakitembei. Ikiona nyingine yenye rangi kama zake, inazani ni mwizi wa shamba, inaifukuza kwa nguvu. Mutoto mwenye kuvaa sawasawa na wakubwa angefukuzwa pahali pote na kukosa chakula. Lakini mutoto mwenye nguo ya namna nyingine haonekani kama adui. Anaachiwa kula na kukua. Basi nguo ya utoto ni kama barua ya ruhusa: « Mimi bado mudogo, sitaki shamba lako. » Na siku anapopata nguvu za kulinda shamba, anaivua.

4. HABARI YA SOKO LA UNGUJA

Watu wengine wanaita samaki hiyo « samaki ya Korani ». Sababu yake ni hii.

Katika vitabu vya elimu ya samaki wanasimulia kwamba zamani, wakati feza ya Unguja ilikuwa bado rupia, ndiyo kusema mbele ya mwaka wa 1936, samaki moja ya namna hii iliuzwa sokoni. Juu ya mukia wake palikuwa na alama nyeupe na buluu zenye kupindikapindika. Mutu mumoja akatazama, akasoma upande mumoja maneno ya Kiarabu yenye kushuhudia kwamba hakuna Mungu ila Mungu mumoja. Na upande wa pili maneno mengine juu ya kazi ya Mungu. Watu wakakusanyika. Samaki iliyonunuliwa kwa feza kidogo sana, wanasema, watu wakataka kuitolea hata rupia 5.000.

Tusiwacheke. Watu wale walipenda jina la Mungu, na moyo wenye kupenda unaona alama upesi. Kwetu pia tumesikia Wakristu waliosema wameona sura ya Mama Maria katika doa la ukuta au katika muti uliokatwa. Katekista anapoitwa kutazama jambo la namna hiyo, anafanya nini? Akicheka, anaumiza imani ya mutu munyenyekevu. Akikubali pasipo kuchungua, kesho doa litafutika, na imani iliyojengwa juu ya doa itafutika nalo.

Mukia ule ulikuwa nini? Ulikuwa mukia wa samaki yenye kubadili nguo. Mistari ya utoto ilikuwa ikikatikakatika, rangi za ukubwa zilikuwa zikianza kuingia. Alama zile hazifanani kabisa kwa samaki mbili, na baada ya muda zinapotea au kubadilika. Tena maandiko ya Kiarabu yanapindika sana, na kwa hiyo jicho lililozoea kuyasoma linaweza kuyaona penye mistari yenye kupindika. Mambo hayo hayaondoi sifa ya Muumba. Mutunga zaburi alisema mbingu zinasimulia utukufu wa Mungu, naye hakungoja nyota zijipange kama herufi. Samaki nzima, pamoja na mwiba wake, meno yake na nguo zake mbili, inasema zaidi ya maneno mawili juu ya mukia.

5. KATIKA SANDUKU LA VIOO

Watu walianza lini kufuga samaki ya bahari ndani ya nyumba? Mwaka wa 1832 bibi mumoja Mufaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekaa katika kisiwa cha Sicilia, alitengeneza masanduku ya vioo ili achungue nyama wa bahari wakiwa hai. Mwaka wa 1853 katika bustani ya nyama ya London walifungua nyumba ya kwanza ambamo watu wote waliweza kuingia na kutazama samaki nyuma ya vioo. Toka hapo desturi ikaenea: akwariumu katika miji mikubwa, katika vyuo, katika mahoteli, na hata katika nyumba za watu.

Kufuga samaki ya bahari ni kazi ngumu kupita kufuga ile ya maji matamu. Litre moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, na kipimo hicho kisibadilike. Uchafu wa samaki unageuka sumu ndani ya maji. Sharti kwanza mikrobi ziote katika muchanga na mawe ya sanduku, zile zenye kugeuza sumu kali kuwa kitu kisichozuru sana. Mutu mwenye haraka, anayejaza maji leo na kutia samaki kesho, anaziua. Joto, hewa na mwangaza pia vinataka uangalizi kila siku. Na umeme ukikatika muda murefu, sanduku zima linaweza kufa. Sisi tunaojua habari za umeme huku kwetu hatuhitaji maelezo zaidi.

Samaki malaika inaongeza taabu zake. Inauzwa ingali ndogo, kama kidole cha mukono, na mununuzi anapenda viringo vyake. Hakumbuki kwamba itakuwa na sentimetre 40. Kwa samaki ya namna hiyo hata litre 1.000, ndiyo metre moja kwa pande zote, si nafasi kubwa. Tena inafukuza nyingine ya namna yake, kama inavyolinda shamba lake baharini, na ndani ya vioo yenye kufukuzwa haina pahali pa kukimbilia. Tena inakula matumbawe laini na vitu vingine vilivyonunuliwa kwa bei gali. Na kama haipewi chakula chenye sifongo na mwani, inakonda polepole mbele ya macho ya bwana wake.

Hapa tuseme jambo tuliloliona wenyewe. Katika hoteli moja ya Nairobi palikuwa na sanduku kubwa la vioo penye mulango. Mara ya kwanza tulipopita, samaki malaika ndogo ilikuwa ikizunguka ndani yake, nzuri sana, na wageni wakisimama kuitazama. Mwaka uliofuata tulirudi, hatukuiona tena. Tukamwuliza kijana mwenye kazi ya kusafisha vioo. Akatuambia: « Padri, iligonjwa. Mistari yake ilianza kufutika, mwili ukapata rangi ya kijani kama kitu chenye kuoza. Bwana mukubwa akasema aliuziwa samaki mubovu. Akanunua dawa, akaitia ndani ya maji. Hatukuona nafuu, akaongeza. Siku ya tatu tukaikuta imelala chini. »

Tulimwuliza kama ilikataa chakula mbele ya dawa. Akasema: « Hapana, ilikula vema kupita zamani. »

Wasomaji, mumefahamu. Samaki ile haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa ikikua. Waliiua kwa dawa, sababu walipenda sura ya utoto wake na hawakujua kwamba ina sura nyingine mbele. Kijana yule alihuzunika sana. Hatukujua namna ya kumufariji, tukamweleza tu habari ya nguo mbili, ili samaki nyingine isipatwe na jambo lile lile.

6. WAVUVI NA MWAMBA

Samaki hizo zinatoka wapi? Nyingi zinakamatwa baharini. Kwa miaka ya karibuni watu wa Taiwan na wa Indonesia wamefaulu kuzizalisha namna kadhaa za jamii hii katika masanduku, hata hii yetu. Lakini kazi ni ngumu, sababu vitoto ni vidogo muno na vinataka chakula hai kidogo kuvipita. Kwa hiyo bahari ingali ghala kubwa.

Kenya ni moja ya inchi za Afrika zenye kuuza samaki za rangi ng’ambo. Muvuvi anapiga mbizi na wavu mudogo, anaielekeza samaki polepole mupaka iingie. Kisha asiipandishe kwa haraka. Ndani ya tumbo lake mna mufuko wa hewa. Ikipanda gafula toka chini, hewa ile inavimba na kuumiza matumbo. Muvuvi mwenye akili anapanda kwa kungoja. Baadaye samaki inawekwa katika mufuko wa plastiki wenye maji na hewa safi, inapelekwa kwa ndege Ulaya, Amerika au Asia. Muvuvi anapata feza kidogo. Bei inapanda kila inapopita mukononi mwa muuzaji mwingine.

Je, biashara hiyo ni mubaya? Tusihukumu kwa haraka. Wavu mudogo hauvunji mwamba, na familia za pwani zinahitaji mukate. Samaki moja hai inaweza kuleta faida kupita kilo nyingi za samaki ya kula. Na muvuvi anayejua kwamba mwamba unamulisha, ana sababu ya kuulinda. Ubaya unaanza penye tamaa. Katika visiwa vya Filipino, tangu miaka ya 1960, wavuvi wengine walitumia sumu ya sianide ili samaki zilewe na kushikwa upesi. Sumu ile inaua matumbawe, na samaki nyingi zinakufa baadaye njiani. Katika Tanzania, kwa miaka mingi, wengine walivua kwa baruti, wakavunja kwa dakika moja mwamba uliojengwa kwa miaka mamia.

Tena iko hatari nyingine isiyotoka kwa muvuvi. Mwaka wa 1998 maji ya bahari yalipata joto la kupita kiasi, matumbawe mengi ya Kenya, ya Tanzania na ya visiwa vya Shelisheli yakawa meupe na kufa. Katika mwaka wa 2016 na wa 2024 joto kubwa lilirudi tena. Samaki malaika haiwezi kuhama na nyumba yake.

Hata hivi kuna watu wanaofanya kazi njema. Tangu mwaka wa 1968 Kenya imetenga hifazi za bahari huko Malindi na Watamu, ambamo ni marufuku kuvua. Karibu na Unguja, kisiwa cha Chumbe kimelindwa tangu miaka ya 1990, na wavuvi wa zamani walifundishwa kuwa walinzi wa mwamba. Hapo samaki malaika inazeeka kwa amani, na vitoto vyake vinachukuliwa na maji mupaka miamba mingine yenye kuvuliwa. Pahali palipofungwa panalisha pahali palipo wazi.

7. NA SISI?

Tumalize kwa kurudi nyumbani. Kyavinyonge na Vitshumbi zinatulisha tangu wazee wetu. Kila mumoja wetu amemusikia mama sokoni akilalamika kwamba tilapia za siku hizi ni ndogo. Sababu moja ni ile ile ya bahari: watu wanavua penye mazalio, kwa nyavu za matundu madogo, hata kwa vyandarua vya mbu. Wanakamata mutoto mbele hajavaa nguo ya ukubwa. Katekista wa kando ya ziwa anaweza kusema neno hilo kwa wavuvi, naye atasikiwa kuliko mugeni mwenye karatasi.

Na sisi tuliopewa vijana kuwalea, tukumbuke ile samaki ya hoteli. Kijana alifika seminari na mistari yake myeupe, mutii, mwenye kupendeza wote. Mwaka wa tatu mistari inafifia, sauti inabadilika, anauliza maulizo makali, hana tena sura ya mutoto na bado hana sura ya mutu muzima. Ni ugonjwa? Pengine ndiyo. Lakini mbele ya kutia dawa, tumwulize kwanza kama anakula vema: je, anasali, anafanya kazi, anapenda wenzake? Kama anafanya hayo, tungoje.

Seminarista wetu alipokwisha kusikia majibu haya yote, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: « Padri, basi picha ya tatu imekosekana katika kitabu: ile ya katikati. » Alisema kweli.